Kazi za Washington zinafikaje sufuriani Buffalo?

SWALI: Kaka, habari ya kazi. Sisi ni familia ya Uvira, Kongo. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na sasa ni mwaka wa tano tuko Buffalo, jimbo la New York. Mume wangu anapanga mizigo kwenye ghala, zamu ya usiku, kupitia wakala. Mimi nafanya usafi hotelini, na wakinipunguzia siku sina la kusema. Watoto ni wanne. Wa kwanza ana miaka 19, amemaliza shule na yuko tu nyumbani. Kila mwaka tunasikia serikali kuu imeleta mamilioni ya kutengeneza kazi katika huu mji. Kambini tulizoea: mradi unakuja, gari linakuja na watu wake, sisi tunabaki kutazama. Je, hizo kazi zinaweza kweli kusaidia familia kama yetu, au ni maneno ya uchaguzi?

JIBU: Dada yangu, salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Nimelisoma swali lako mara mbili, na jibu limo humo humo, pale uliposema gari linakuja na watu wake. Pesa ya Washington, yaani ya serikali kuu, inaweza kusaidia familia kama yenu, na imewahi kuokoa familia kwa mamilioni. Ila ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka Washington hadi Buffalo, na hiyo wanasiasa huitangaza wakiwa wamevaa kofia ngumu mbele ya kamera. Ya pili ni kutoka ofisi za Buffalo hadi sufuria yako. Hiyo haitangazwi na mtu, na ndiyo inayokuhusu.

Niseme kidogo juu ya mji wenyewe, maana najua uliukuta ukiwa tayari umechoka. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,132. Kufikia 2010 walibaki 261,310, chini ya nusu. Kilichowaondoa ni kufa kwa viwanda. Kile cha chuma cha Bethlehem Steel pale Lackawanna, ambacho enzi zake kiliajiri watu zaidi ya 20,000, kilifunga sehemu kubwa ya kazi zake mwaka 1983. Kazi zikiondoka, kodi ya mji nayo huondoka, nyumba zinabaki tupu, shule zinadhoofika. Hadi leo zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Buffalo wanaishi kwenye umaskini. Sensa ya 2020 ilikuta watu 278,349. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu 1950 idadi kupanda, na sehemu ya ongezeko ni wakimbizi na wahamiaji: Waburma, Wabangladeshi, Wasomali, Wakongo. Nataja hili makusudi. Watu wetu wengi wakiingia ofisini huongea kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Pesa nyingi za Washington kwa miji hugawiwa kwa kuhesabu vichwa na umaskini, na watu kama ninyi wamo kwenye hesabu hiyo. Mkiuliza inakokwenda, mnauliza habari za pesa iliyokuja kwa jina lenu pia.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu ushahidi mzuri kuliko wote ni wa zamani.

Mwaka 1933, katika kila wafanyakazi wanne wa Marekani karibu mmoja hakuwa na kazi. Rais Roosevelt alikuwa ametoka kuwa gavana wa New York, na Harry Hopkins, aliyemkabidhi ajira za dharura, alikuwa amekwisha kuendesha misaada ya jimbo hilo. Katika mipango yao yote, ninaopenda kuusimulia ni wa CCC. Kijana asiyeoa, wa miaka 18 hadi 25, alipelekwa kambini kupanda miti, kufungua njia za msituni na kuzuia mmomonyoko wa udongo. (Ndiyo, kambini. Najua neno hilo kwako lina uzito mwingine.) Alilipwa dola 30 kwa mwezi, lakini dola 25 kati ya hizo hazikupita mikononi mwake. Zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Utazame vizuri ufundi huo. Aliyeupanga alijua kwamba kijana akikosa kazi, njaa haimsumbui peke yake, inasumbua meza nzima, kwa hiyo akauelekeza mshahara mezani. Kufikia 1942 vijana karibu milioni 3 walikuwa wamepita huko.

Miaka mingi baadaye wachumi walichambua kumbukumbu za vijana wa CCC wa Colorado na New Mexico, wakawafuata hadi uzeeni. Kwa muda mfupi hawakuona tofauti kubwa katika kupata kazi. Mtu mwenye haraka angesema mpango umeshindwa. Lakini waliokaa muda mrefu zaidi kambini walikuja kupata kipato kikubwa zaidi maishani, na waliishi miaka mingi zaidi. Hata kimo waliongeza kidogo, kwa kuwa wengi walifika wakiwa hawajashiba ipasavyo tangu utotoni. Ndiyo maana mimi huwa sivutwi na takwimu za miezi sita ambazo maofisa huzipenda. Faida ya kazi kwa familia hukomaa polepole.

Mpango mwingine, CWA, ulianza Novemba 1933 na kufikia Januari ulikuwa umewaandika kazini watu zaidi ya milioni 4. Machi 1934 ukafungwa. Ukaja WPA, kuanzia 1935 hadi 1943, ulioajiri jumla ya watu kama milioni 8.5. Mikono ya WPA ilijenga Memorial Auditorium na uwanja wa War Memorial hapo Buffalo, na kuifanyia kazi kubwa bustani ya wanyama. Ule ukumbi wa muziki wa Kleinhans, upande wa magharibi ambako Wakongo wengi wanaishi, ulifunguliwa 1940 kwa msaada wa mfuko dada wa PWA. Ukipita pale na watoto, waambie kuna familia zilikula kwa kuta zile.

Lakini nisiupake asali. Kanuni ya WPA ilikuwa kazi moja kwa familia moja, naye aliyehesabiwa kuwa kichwa cha familia kwa kawaida alikuwa baba. Mwanamke aliyefanikiwa kuingia mara nyingi alipelekwa kwenye vyumba vya kushona, kwa ujira wa chini. Weusi walibaguliwa sehemu nyingi. Na kazi ilikuwa na ukomo: kuanzia 1939, aliyetimiza miezi 18 mfululizo ilibidi aachishwe kwanza.

Hatari kubwa ya kazi za Washington ndiyo hiyo, kwamba aliyezitoa anaweza kuzichukua. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa 2009. Katika kupambana na mdororo, Bunge lilitenga mfuko wa dharura wa dola bilioni 5 kwa familia maskini, na majimbo yakaruhusiwa kutumia sehemu yake kulipa mishahara ya watu waliochukuliwa na waajiri wa kawaida: duka la vifaa vya ujenzi, gereji, kituo cha wazee. Mwajiri alipata mtu wa kumfundisha, mtu akapata mshahara na jina kazini. Watu wapatao 260,000 waliwekwa kazini hivyo. Kwangu mimi ni mpango bora kuliko yote ya zama hizi, hasa kwa mtu ambaye CV yake haisomeki na Mmarekani. Tarehe 30 Septemba 2010 muda ukaisha, Bunge halikuuongeza, ukafa. Na hivi karibuni, Mei 2025, Wizara ya Kazi ilitangaza kuvisimamisha vituo vya Job Corps vinavyoendeshwa na wakandarasi, vituo ambavyo tangu 1964 vimekuwa vikiwapa vijana wa miaka 16 hadi 24 malazi na ufundi bure. Jambo likaishia mahakamani. Kwa hiyo ukisikia mpango umefunguliwa, usisubiri kuuona umetulia ndipo uende.

Kuna pia namna ya kuleta kazi ambayo mimi siiamini. Pale RiverBend, kwenye kiwanja cha kiwanda cha chuma cha zamani, jimbo la New York lilijenga na kukipa vifaa kiwanda cha paneli za sola kwa zaidi ya dola milioni 900, na kampuni ya SolarCity, baadaye Tesla, ikakitumia. Hiyo ilikuwa pesa ya jimbo, si ya Washington, lakini mtindo ni uleule: mpe tajiri, naye ataajiri. Ahadi ilikuwa kazi 1,460 mjini Buffalo. Piga hesabu. Ni zaidi ya dola 600,000 kwa kila kazi. Kwa pesa hiyo ungemlipa mtu mshahara mzuri miaka kumi na bado ukabakiwa na ya kumsomesha.

Na kuna kazi zinazoumiza. Barabara ya Kensington ilipopitishwa katikati ya upande wa mashariki, kwenye miaka ya 1950 na 1960, ilileta vibarua kweli. Pia iliimeza Humboldt Parkway, njia pana yenye miti iliyosanifiwa na Olmsted, msanifu maarufu wa bustani, ikavunja nyumba na kuukata mtaa wa watu Weusi vipande viwili. Mwaka 2023 Washington iliahidi dola zipatazo milioni 55 kusaidia kuifunika sehemu ya barabara ileile, na wakazi wenyewe wamegawanyika, wengine wamekwenda mahakamani. Mradi ukija mtaani kwenu, usiulize tu utaajiri wangapi. Uliza pia utapita juu ya nani.

Basi leo hali ikoje? Tofauti kubwa na enzi za Roosevelt ni kwamba Washington haiajiri tena kibarua moja kwa moja. Inatoa pesa kwa jimbo au mji, mji unatoa zabuni, mkandarasi anashinda, naye anagawa kandarasi ndogo. Maji hufuata mkondo. Pesa ikishafika kwa mkandarasi, huenda kwa watu anaowajua tayari. Hana chuki na Mkongo. Ana mfanyakazi wa mwaka jana ambaye namba yake iko kwenye simu, wewe haumo. Kazi yote ya kusaidia familia kama yenu ni kuingia kwenye ile simu.

Nikupe picha moja. Buffalo, kama miji mingi ya zamani, bado ina nyumba zinazoletewa maji kwa mabomba ya madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 15 kwa nchi nzima kuyabadilisha. Tazama kikosi kikifanya kazi hiyo: mmoja anaendesha mashine ya kuchimba, mmoja yuko shimoni na koleo kwa sababu mashine haiwezi kukaribia bomba la gesi, fundi bomba anaingia chumba cha chini cha nyumba, mmoja anasimama barabarani na kibao cha kuzuia magari, mmoja anabisha hodi kwa mwenye nyumba kumweleza kwamba maji yatakatwa kwa saa kadhaa. Katika hao, wawili au watatu hawahitaji miaka ya chuo. Na yule anayebisha hodi, kwenye mtaa ambako kila nyumba ya tatu wanaongea Kiswahili, angekuwa wa maana kuliko wote kama angekuwa mwanao. Kazi kama hiyo haiwezi kuhamishiwa nchi nyingine, na inailisha familia mara mbili, kwa mshahara na kwa bomba safi.

Sheria zinazoweza kukusaidia kuingia zipo, ila zina ukali tofauti.

Iliyo kali ni ya 1931, inaitwa Davis-Bacon. Kwenye ujenzi wa kandarasi za serikali kuu zinazozidi dola 2,000, na miradi mingi inayopata ruzuku yake, mfanyakazi lazima alipwe angalau kiwango kilichowekwa kwa kazi hiyo katika eneo hilo, na alipwe kila wiki. Viwango hivyo lazima vibandikwe mahali pa kazi panapoonekana. Mkandarasi mjanja huwa hachezei kiwango, anachezea jina la kazi: anakuandika kibarua wa kawaida huku umeshika waya siku nzima kama fundi umeme. Niliwahi kukaa na kijana wa Bujumbura aliyekuwa amefanyiwa hivyo miezi minne. Alikuwa na tabia moja iliyomwokoa. Kila jioni aliandika kwenye daftari kazi aliyofanya na saa alizofanya. Daftari lile la shilingi mbili, kama tungesema nyumbani, lilimrudishia pesa yake.

Iliyo laini zaidi ni Section 3, kifungu cha sheria ya nyumba ya 1968. Kinasema miradi mikubwa inayopata pesa ya Wizara ya Nyumba, ile HUD, ijitahidi asilimia 25 ya saa zote za kazi zifanywe na watu wa kipato cha chini, na asilimia 5 zifanywe na wale inaowalenga zaidi, wakiwemo wapangaji wa nyumba za umma na watu wa kipato cha chini wanaoishi karibu na mradi. Mkandarasi asipofika hapo, mara nyingi inatosha aandike juhudi alizofanya. Kwa maoni yangu meno ya kanuni hii ni ya maziwa. Lakini ina faida moja: mkandarasi anahitaji majina ya kuandika kwenye ripoti. Nenda ofisi ya nyumba za umma ya manispaa, sema unataka familia yako iandikwe kwenye orodha ya Section 3. Sema maneno hayohayo, kwa Kiingereza chao, hata kama mengine yote yatasemwa na mkalimani. Isitoshe, sheria ile ya 2021 iliruhusu miji na majimbo kuwapendelea wakazi wa eneo kwenye ujenzi wa barabara na usafiri, jambo ambalo kwa miongo mingi Washington yenyewe ililikataza. Inaruhusu tu, hailazimishi. Diwani wenu ndiye wa kubanwa hapo.

Watu wengi wananiuliza kuhusu uraia, kwa hiyo niliseme hapa. Kazi za utumishi wa serikali kuu yenyewe, kwa kawaida, ni za raia. Kazi za mkandarasi anayelipwa na pesa ya serikali kuu si lazima uwe raia, inatosha uwe na kibali halali cha kufanya kazi, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi ana haki hiyo tangu siku anayoingia. Nimekutana na watu waliokaa miaka mitano wakiogopa kuomba kwa sababu mtu fulani kanisani aliwaambia hawaruhusiwi.

Sasa hesabu ya nyumbani, maana kazi nzuri kwenye karatasi inaweza kuwa balaa kwa familia. Kima cha chini cha mshahara huko kwenu kwa 2026 ni dola 16 kwa saa. Tuseme shemeji analipwa hicho: saa 40 ni dola 640 kwa wiki, na akifanya wiki zote 52 ni 33,280 kwa mwaka kabla ya makato. Tuseme sasa anapata ujenzi wa dola 28 kwa saa (nakupa mfano tu, kiwango halisi kisome kwenye lile bango). Ni dola 1,120 kwa wiki. Utaona utajiri. Ila wewe unaijua theluji ya Buffalo. Ujenzi wa nje hulala miezi kadhaa. Akifanya wiki 36 ni 40,320. Tofauti ya mwaka ni kama dola 7,000, pamoja na malipo ya kukosa kazi anayoweza kuomba wakati wa baridi, na analala usiku nyumbani kwake. Ni nafuu ya kweli, lakini si ile uliyoiona kwenye hesabu ya wiki moja. Ndiyo maana namwambia kila mtu: pesa ya Julai usiile yote Julai.

Halafu kadi ya chakula. Kwenye SNAP, kila dola unayoongeza kwa jasho hupunguza msaada kwa takriban senti 24 hadi 36, kama bado mnapata. Kipato kikipanda wakati wa kiangazi, toa taarifa mapema, usije ukadaiwa kurudisha. Kwa upande mwingine kuna pesa ambayo wengi wetu hawaijui kuwa ni ya wafanyakazi: punguzo la kodi la EITC. Familia yenye watoto watatu au zaidi wanaostahili inaweza kupata hadi dola 8,046 kwa mwaka wa kodi 2025, kutegemea kipato, na jimbo la New York linaongeza asilimia 30 ya kile mlichopata. Mtoto wa miaka 19 asiyesoma huenda asihesabike hapo, lakini wadogo zake watatu watahesabika. Tafuteni wale wanaojaza kodi bure kwa mpango wa VITA. Usimpe mtu wa dukani mamia ya dola kwa kujaza karatasi za nusu saa.

Na watoto, nani anabaki nao? Hapa ndipo mipango mingi hukwama, na inaniudhi kwa sababu Washington ililijua jibu zamani. WPA iliendesha shule za chekechea zilizowapa kazi walimu na wapishi waliokuwa wamekaa. Wakati wa vita, kwa Sheria ya Lanham, serikali kuu ililipia vituo vya watoto ili mama zao waende viwandani, na watoto zaidi ya nusu milioni walipita humo hadi 1946. Vita vikaisha, vituo vikafungwa, kina mama wakaambiwa warudi jikoni. Mwaka 2023 wazo likarudi kidogo: kampuni iliyoomba zaidi ya dola milioni 150 za kujenga viwanda vya chipu za kompyuta ilitakiwa ionyeshe wafanyakazi wake watapataje uangalizi wa watoto. Kiwanda kikubwa cha namna hiyo kilichopangwa kujengwa kwenye jimbo lenu ni cha Micron, karibu na Syracuse. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Buffalo, kwa hiyo usikitegemee.

Usafiri nao ni mlango uliofungwa kwa ufunguo wa kijinga. Reli ya Buffalo, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na pesa ya Washington, inaishia kituo cha University, mpakani mwa jiji. Maghala na ofisi nyingi ziko nje ya jiji, Amherst na kwingineko. Reli ilileta kazi za kuijenga, kisha ikawaacha wajenzi wake kituoni wakisubiri basi.

Nimalizie na ninyi wenyewe, mmoja mmoja.

Wewe, dada, usiwaze ujenzi tu. Serikali kuu hutoa pesa kwa majimbo kulipia uangalizi wa watoto wa familia zenye kipato cha chini na cha kati, na New York inazipokea familia zenye kipato hadi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo. Pesa hiyo inahitaji mlezi anayetambuliwa na jimbo. Mama anayeruhusiwa kulea watoto nyumbani kwake anaweza kuchukua hadi 6, na wawili zaidi wa umri wa shule, baada ya mafunzo ya saa 15, ukaguzi na vibali. Sijui mtaa wenu una akina mama wangapi wanaofanya zamu na hawana pa kumwacha mtoto anayeongea Kiswahili, lakini wewe unawajua kwa majina. Tahadhari moja: nyumba kuukuu yenye rangi inayobanduka inaweza kuwa na risasi, na hapo Buffalo rangi ndiyo huwaumiza watoto wengi kuliko mabomba. Ongea na mwenye nyumba kabla hujalipia kitu chochote.

Shemeji asiache ghala kesho. Achukue kwanza kadi ya usalama kazini ya OSHA, ya mafunzo ya saa 10, maana jimbo la New York linaidai kwa vibarua na mafundi kwenye kazi za umma za dola 250,000 na zaidi. Akiweza, aongeze cheti cha EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, cha kufanya kazi salama kwenye rangi ya risasi. Ni kozi ya siku moja. Akiwa na vyeti hivyo viwili mfukoni, mkandarasi anayetafuta majina ya ripoti ana sababu ya kumsikiliza.

Kijana ndiye ninayemwonea haraka. Mwaka 2012 mji wa Chicago ulijaribu kuwapa vijana wa mitaa yenye vurugu kazi ya wiki 8 tu za kiangazi. Katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwao kwa makosa ya vurugu kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko wenzao waliokosa nafasi. Wiki 8! Kwa hiyo hata kazi ndogo asiidharau. Ila kinachomfaa zaidi ni uanagenzi uliosajiliwa, ambapo analipwa huku anajifunza na mshahara unapanda kwa hatua hadi awe fundi kamili. Hapo kwenu kuna kituo cha mafunzo cha Northland, upande wa mashariki, kwenye jengo la kiwanda cha zamani, wanakofundisha uchomeleaji, umeme na mitambo. Na kuna kumbi za vyama vya mafundi, ambazo hufungua maombi kwa vipindi maalumu, kisha zinafunga. Mara nyingi wanataka cheti cha sekondari, mtihani wa hesabu na leseni ya udereva.

Cheti anacho. Hesabu anaweza kurudia jioni na mdogo wake. Leseni ndiyo inayowakwamisha vijana wetu, kwa kuwa nyumbani gari ni moja na baba analiendea zamu. Aanze na leseni, wiki hii, kabla theluji haijayeyuka na wakandarasi hawajaanza kupiga simu.